Ukicheka Mkojo Unaponyoka: Mazoezi, Kipete au Opresheni? Majibu ya Maswali Yenu

Habari zenu wapendwa. Toleo lililopita niligusia kidogo tu suala la mkojo kutoka ukikohoa au ukicheka, mistari mitano hivi, nikasema mwenye swali aniandikie. Jamani, meseji zilizoingia sikutegemea kabisa, na karibu zote zinaanza na neno moja, "naomba usitaje jina langu". Sitaji. Kwa mliojiunga sasa, mi ni mfiziotherapia, yaani natibu kwa mazoezi, wateja wangu kila siku ni wanawake waliojifungua na wamama wa makamo, kwahiyo haya mnayoyaandika kwa aibu mi nayasikia kuanzia asubuhi mpaka jioni, na hamko peke yenu hata kidogo. Nimechagua barua tano ambazo ndani yake nimeona na maswali ya wengine wengi.

"Dada habari ya kazi. Nina miaka 34, watoto wawili, wa pili alikuja na kilo 4 na nikaongezewa njia. Toka hapo ni miaka mitatu, nikicheka sana, nikipiga chafya au nikijitwisha ndoo mkojo unatoka. Sio mwingi ila nguo inalowa, navaa pedi kila siku utadhani niko kwenye siku zangu. Nimetibiwa UTI mara nne, vidonge na sindano, hamna kitu. Daktari mmoja kasema kuna opresheni, shoga yangu anasema ni mazoezi tu, na kwenye grupu letu la WhatsApp kuna dada anauza shabu na dawa za kubana, anasema siku saba unarudi kama binti. Nifate lipi?" Mama Wawili, Mbagala

Pole mwaya Mama Wawili. Naanza na hiyo UTI maana imewala hela wengi. UTI inachoma ukikojoa, inakupeleka chooni kila saa, mkojo unabadilika harufu au rangi, saa nyingine na homa juu. We haikuchomi, unalowa tu pale tumbo linapopata presha ya ghafla, chafya, kicheko, ndoo. Hiyo ni shida ya misuli na nyama zinazoshikilia njia ya mkojo, na dozi ya antibayotiki haiwezi kukaza misuli hata ukimeza katoni nzima. Ukipima mkojo mara moja ukakutwa safi, acha dozi. Pima na sukari siku hiyohiyo, maana sukari ikiwa juu mkojo unakuwa mwingi na kila kitu kinazidi.

Nikuoneshe inavyokuwa. Chukua mpira wa kumwagilia maji pale uani, ulaze juu ya zege halafu ukanyage, maji yanakata. Sasa ulaze kwenye tope ukanyage vilevile, mpira unadidimia na maji yanaendelea kutoka. Mrija wako wa mkojo ndio huo mpira, na zege ni misuli ya sakafu ya nyonga, ile iliyotandikwa chini kama machela kutoka mfupa wa mbele mpaka mkiani. Mimba, mtoto wa kilo 4, kusukuma muda mrefu, kuchanika, vyote hivyo vinalegeza ile machela. Ndio maana ukikohoa tumbo linakanyaga mpira lakini chini hakuna kigumu cha kuukandamizia.

Kwa hali hiyo shabu inasaidia nini? Haisaidii kitu. Shabu inakausha na kukunja ngozi ya ndani ya uke, unahisi kubana kwa siku mbili tatu, baadae unapata michubuko na maambukizi, na tendo la ndoa linageuka maumivu. Haifiki kwenye misuli. Nimeshapokea wamama waliokuja na vidonda kwa sababu hiyo, nakuomba kabisa usiweke kitu huko.

Sasa mazoezi. Shoga yako yuko sahihi, ila neno "tu" ndilo linaloharibu, maana watu wanabana mara kumi wiki ya kwanza, wanasahau, halafu wanasema nilifanya hayakusaidia. Daktari wa Kimarekani Arnold Kegel aliandika kuhusu mazoezi haya mwaka 1948 na mpaka leo ndio tiba ya kwanza duniani kote. Tafiti nyingi zilipokusanywa pamoja mwaka 2018, katika wanawake wenye shida kama yako waliofanya mazoezi zaidi ya nusu walisema wamepona, asilimia 56, na wale ambao hawakufanya ni asilimia 6. Lakini ni mazoezi yaliyofanywa kwa usahihi na kwa muda.

Fanya hivi, lala chali ukunje magoti, vuta kwa ndani kama unazuia upepo usitoke mbele za wakwe, hapohapo na mbele vuta kama unakatisha mkojo. Unasikia kitu kinapanda juu kwa ndani? Ndio chenyewe. Makalio yasikaze, mapaja yasibanane, pumzi isikatike, ongea kabisa ukiwa umebana. Shikilia ukihesabu mpaka unapoweza, hata tatu inatosha kuanzia, lengo ni kufika kumi, halafu achia kabisa, upumzike muda uleule uliobana. Angalau mara nane, asubuhi mchana na usiku, na mwisho malizia na vichache vya haraka haraka, bana achia bana achia. Ukizoea kulala hamia kwenye kukaa, baadae kusimama. Usifanye mazoezi hayo ukiwa unakojoa kila siku, ile ya kukata mkojo katikati ni ya kutambua misuli mara moja basi.

Wateja wangu wengi siku ya kwanza badala ya kuvuta juu wanasukuma chini kama wanajifungua, na ukisukuma chini kwa miezi mitatu utakuwa umejiongezea shida. Ndio maana nasisitiza uonwe na mtu. Hospitali za rufaa zina idara ya fiziotherapia, nenda uombe mwanamke kama unaona aibu. Ukishindwa kabisa kwenda, osha mkono, weka kidole ndani, ukibana kidole kinapaswa kukumbatiwa na kuvutwa ndani, kisisukumwe nje.

Na kuna kitu kimoja utaanza kukiona faida ndani ya wiki tu. Kabla ya chafya haijatoka, kabla ya kunyanyua ile ndoo, BANA KWANZA, shikilia mpaka kitendo kiishe. Chafya huwa inatoa taarifa, ile sekunde moja ya pua kuwasha, itumie hiyo. Ndoo usijitwishe mwenyewe kutoka chini, omba mtu akusaidie au jaza nusu uende mara mbili.

Opresheni siikatai, ila jipe miezi mitatu ya kweli kwanza, na hujaniambia kama umeshafunga kuzaa, hilo lina uzito mkubwa kama utakavyosoma hapo chini. Shida hii inakera na inakudhalilisha mbele ya watu lakini haiui, kwahiyo una muda, asikukimbize mtu, sio daktari wala muuza shabu.

"Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, miaka 47, watoto wanne na sina mpango wa mwingine. Nimefanya mazoezi miezi saba chini ya fiziotherapia, nimepungua kilo 6, nimepata nafuu labda nusu. Lakini bado siwezi kusimamia michezo, na darasani nikipaza sauti natoka mkojo, nina nguo ya akiba kwenye droo ya meza mwaka wa pili huu. Daktari ametaja opresheni ya kamba, nyingine ya kutumia nyama yangu mwenyewe, na sindano. Nikasoma kwamba Uingereza wamesimamisha hizo kamba, nikaogopa. Mume wangu hataki nikatwe kabisa, anasema ni uzee tu nivumilie. Nichague vipi?" Mwalimu, Moshi

Mwalimu, asante kwa barua iliyonyooka, na hongera kwa kilo 6, najua zilivyo ngumu kutoka. Tena usidhani hazikusaidia, utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2009 ulionesha wanawake wanene waliopunguza kama asilimia 8 ya uzito wao, kuvuja kulipungua karibu nusu. Umeshavuna hiyo faida, na miezi saba ya mazoezi yenye usimamizi inatosha kusema umejaribu. Sasa una haki ya kuangalia mengine bila kujiona mvivu.

Na sio uzee. Miaka 47 sio uzee, na hata mtu wa 70 akivuja ni ugonjwa una tiba, mwambie baba watoto hivyo.

Kamba ni utepe mwembamba wa nyuzi za plastiki, upana kama sentimita moja, unapitishwa chini ya mrija wa mkojo kupitia mkato mdogo ukeni, unabaki humo maisha yote. Ilianzia Sweden, ikatangazwa mwaka 1996, na ilienea haraka kwa sababu ni opresheni ya nusu saa hivi na wengi wanarudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Na inafanya kazi, hilo lisifichwe. Uholanzi waliwagawa wanawake 460, nusu wakaanza na fiziotherapia nusu wakaanza na kamba, matokeo yakatoka 2013, baada ya mwaka mmoja walioanza na kamba asilimia 91 walisema wana nafuu, walioanza na mazoezi asilimia 64, na karibu nusu ya wale wa mazoezi walikuwa wameshahamia kwenye opresheni wenyewe. Nawaambia hili mimi ninayeishi kwa mazoezi, sitaki mtu aje aseme nilimficha.

Kwanini basi Uingereza walisimamisha? Kwa sababu wapo wanawake ambao ule utepe uliwatokeza ukeni, ukakata nyama, wakabaki na maumivu ya nyonga au ya mapaja, tendo la ndoa likawa haliwezekani, na walipolalamika waliambiwa ni mawazo yao. Kuutoa ni kazi ngumu sana maana nyama inaota kupita katikati ya zile nyuzi, ni kama kutoa nondo kwenye zege. Julai 2018 England wakasitisha, na mwaka 2020 ikatoka ripoti ya tume iliyoongozwa na Baroness Cumberlege ikasema wazi kwamba wanawake hawakusikilizwa. Wengi waliowekewa kamba hawakupata madhara hayo, ila wewe hujui utaangukia upande gani, na kitu kisichotoka kirahisi kinahitaji kufikiriwa mara mbili.

Ya nyama yako mwenyewe wanachukua ukanda wa ule utando mgumu unaofunika misuli ya tumbo, wanautumia kutengeneza hiyohiyo machela. Hakuna plastiki. Gharama yake ni mkato tumboni chini, unapona taratibu zaidi, na wengine mwanzoni mkojo unagoma kutoka wanarudi nyumbani na mpira wa mkojo au wanafundishwa kujitoa mkojo wenyewe kwa mrija mdogo. Ipo pia ya nyuzi za kushonea, ya tangu 1961, wanainua nyama za pembeni ya shingo ya kibofu na kuzifunga nyuma ya mfupa wa mbele. Wamarekani walizipambanisha hizi mbili kwa wanawake 655, wakatoa majibu 2007. Baada ya miaka miwili waliokuwa hawavuji tena kwa kukohoa na kunyanyua ni asilimia 66 kwa ya nyama na 49 kwa ya nyuzi. Ila shida ya mkojo kugoma ilikuwa asilimia 14 kwa ya nyama na 2 kwa ya nyuzi, na maambukizi ya mkojo nayo yalikuwa mengi zaidi kwa wale wa nyama. Umeona? Inayokausha zaidi ndio hiyohiyo inayosumbua zaidi.

Sindano ni kitu kama jeli kinachodungwa kuzunguka njia ya mkojo ili kijaze na kusogeza kuta zibanane. Dakika chache, ganzi tu, hakuna mkato. Nguvu yake ni ndogo kuliko opresheni na mara nyingi inabidi kurudia. Kama hospitali yako wanayo uliza bei ya kurudia pia, sio ya mara moja.

Nina hakika unataka nikwambie ipi. Siwezi Mwalimu, na nikwambie kwanini. Niliwahi kuwa na wamama wawili mwezi mmoja, umri mmoja, uvujaji mmoja kabisa, wote mazoezi yamewafikisha nusu kama wewe. Mmoja ni mwimbaji wa kwaya, sauti ya kwanza, anasimama ibada nzima na kila akipandisha noti ya juu analowa. Akasema dada mi nataka nikauke, hata nikikaa na mpira wa mkojo mwezi mzima sijali, nataka niimbe. Akafanyiwa ya nyama yake. Wa pili ana duka, anakaa kwenye stuli, anavuja akipiga chafya tu. Akahesabu akasema pedi moja kwa siku na kubana kabla ya chafya kunanitosha, kumwachia mtu kisu eneo lile siwezi. Akaendelea na mazoezi na mpaka leo anasalimia vizuri. Wote wawili walichagua sawa.

Kwahiyo kabla ya kurudi kwa daktari kaa chini na karatasi, andika siku tatu, saa ngapi umekunywa, saa ngapi umekojoa, umevuja ukifanya nini. Ukiona sehemu kubwa unavuja kwa kubanwa ghafla njiani kwenda chooni badala ya kwa kukohoa, mwambie, maana hiyo ni kibofu chenye haraka, ina dawa zake na opresheni hizi haziitibu, saa nyingine zinaizidisha. Halafu andika kitu kimoja unachotaka urudishiwe. Kupaza sauti darasani? Kukimbia na watoto uwanjani? Na chini yake andika kile usichoweza kukivumilia kabisa. Kama ni maumivu wakati wa tendo, sema. Kama ni plastiki mwilini, sema. Kama ni kulazwa siku nyingi na nyumbani hakuna wa kukusaidia, sema pia, madaktari wengi hawaulizi hilo.

Muulize daktari mwenyewe amefanya ngapi za aina hiyo mwaka jana, mkojo ukigoma atafanya nini, na nikipata maumivu mwaka wa tatu ntarudi kwa nani. Daktari mzuri hachukii maswali haya. Akikasirika hiyo ni taarifa tosha, tafuta mwingine. Uliza na bima yako inalipia kipi, maana nimeona mtu anaamua vizuri halafu anakwama dirisha la malipo.

Mumeo nenda nae kliniki, aoneshwe mchoro, aambiwe kwamba kinachokatwa ni kidogo na ni wapi. Wanaume wengi wanakataa kwa hofu, wanadhani mke atarudi sio mke tena. Msikilize hofu yake. Lakini nguo ya akiba kwenye droo ni yako wewe, wewe ndio unayekimbilia choo cha walimu mapumziko, na fomu ya kukubali upasuaji kama una akili timamu unaisaini wewe.

"Sasa dada. Niko Nairobi, miaka 29, nacheza netboli ya mtaa, nimezaa mara moja na nataka mtoto mwingine mwaka ujao. Nikiruka navuja, lakini nje ya uwanja niko sawa. Je nifanyiwe opresheni mapema niwe huru? Na huyu wa pili nizae kwa kisu nisiharibike zaidi?" Mchezaji

Opresheni subiri, mtoto wa pili anaweza kuiharibu yote, ndio maana karibu kila daktari atakuuliza kama umemaliza kuzaa. Kwa uwanjani kuna kipete, ni duara la silikoni linalowekwa ukeni likiwa na kinundu kinachoegemea njia ya mkojo kutokea chini, unapimwa saizi na daktari au nesi aliyefundishwa, unaweka kabla ya mechi, unatoa baadae unaosha kwa maji na sabuni. Kwa mtu anayevuja kwenye kitu kimoja tu kama wewe hiyo ni raha sana. Wengine wanaweka tamponi, ile pamba ya hedhi inayoingizwa ndani, kwa muda wa mechi peke yake, inasaidia kidogo kwa njia hiyohiyo, ila usiisahau ndani.

Kuhusu kisu, ni kweli waliojifungua kwa upasuaji wanavuja kwa uchache, lakini mimba yenyewe tayari inabeba lawama zake na wapo wengi tu waliopasuliwa na wanavuja. Na kisu kina hatari zake kwako na kwa mimba zinazofuata, kwahiyo kisiwe kwa sababu hii peke yake. Anza mazoezi sasa na uyaendeleze ukiwa mjamzito.

"Assalam aleykum. Mimi ni bi mkubwa wa Tanga, miaka 63. Mkojo unanitoka nikikohoa na siku hizi nakohoa sana, kikohozi kikavu kisichoisha. Kinachoniumiza ni swala, naweza kutia udhu mara tatu kwa adhuhuri moja. Mwanangu aliye Muscat anasema niende huko nikafanyiwe opresheni, tiketi anatoa. Mimi siitaki lakini sitaki kumvunja moyo. Natumia dawa za presha."

Waaleykum salaam, shikamoo mama yangu. Umeniandikia maneno machache na umenipa kila kitu.

Mama, hiyo dawa ya presha inaitwaje? Angalia kwenye boksi. Kama imeandikwa enalapril, captopril au lisinopril, jamii hiyo ina tabia ya kuleta kikohozi kikavu kama hichohicho, na kila kikohozi kinakutoa mkojo. Usiiache mwenyewe hata siku moja, presha haina mchezo, lakini rudi kwa daktari umwambie nakohoa tangu nianze hii na navuja, kuna jamii nyingine kama losartan ambazo ni nadra kuleta kikohozi. Na kama kikohozi kimezidi wiki mbili omba upimwe kifua pia. Inawezekana kabisa nusu ya tatizo lako ikaishia hapo, bila kisu wala tiketi.

La pili, baada ya hedhi kukoma ngozi ya huko inakuwa nyembamba na kavu, kuna krimu ya homoni inayopakwa ndani kwa kiasi kidogo sana, muulize daktari kama inakufaa, hasa kama unawashwa au unahisi ukavu. La tatu ni kipete nilichomweleza yule mchezaji wa Nairobi, kinatengenezwa na kwa wamama wa umri wako, na mtu anaweza kukaa nacho muda mrefu akiangaliwa kliniki. La nne mazoezi, na usiniambie umechelewa, misuli ya miaka 63 inafundishika. Kila ukimaliza swala, hapohapo kwenye mkeka, kaa ubane mara nane. Ukianza na swala tatu za kila siku utakuwa umefikisha kiwango bila kukumbushwa na mtu.

Tena usipunguze maji ya kunywa, wamama wengi wanajikausha ili wasivuje, mkojo unakuwa mkali unachoma kibofu na choo kinakuwa kigumu, halafu kujikamua chooni kunalegeza kulekule chini.

Kuhusu udhu mimi sio mwanachuoni, ila ninachojua dini imempa mtu wa kutokwa mkojo njia yake, ajisafishe, ajizibe, atie udhu wakati ukishaingia aswali. Kama hali yako inaingia humo ama la, mpelekee sheikh wako au ustadhati unaemwamini, mweleze wazi inatoka wakati gani. Usiache kwenda msikitini kwa kuogopa.

Na mwanao mpigie leo. Mwambie mwanangu nimekusikia, Mungu akulipe, naomba miezi minne nijaribu haya kwanza, hela ya tiketi ninunulie pedi na nilipie kliniki hapa. Hajavunjika moyo mtu hapo. Anakupenda, ametaja kile alichokijua.

"Dada nisaidie, ni kuhusu mdogo wangu, ana miaka 19, tuko Shinyanga. Alikaa na uchungu siku mbili nyumbani, mtoto akafariki. Sasa ni wiki ya tatu mkojo unamtoka mfululizo, amelala, amekaa, usiku na mchana, harufu imejaa chumba. Bibi anasema ni wa kuvuja kama ulivyoandika wewe na mama ameanza kumfundisha kubana. Afanye mazoezi gani?"

Hii nimeiweka mwisho makusudi, kwa sababu wote waliotangulia nimewaambia wana muda wa kuchagua, na huyu hana. Poleni sana kwa mtoto.

Mdogo wako hahitaji mazoezi. Mkojo unaotoka mfululizo bila kukohoa wala kucheka, baada ya uchungu wa siku mbili, kwa maelezo yako ni fistula mpaka daktari aseme vingine. Kichwa cha mtoto kilikandamiza nyama kwenye mfupa muda mrefu, damu haikupita, nyama ikafa, pakabaki tundu kati ya kibofu na uke. Halibanwi hilo. Hakurogwa na hajakosea chochote.

Hospitali ya Bugando pale Mwanza ndio jirani yenu, nendeni huko, na ukiweza pigeni simu hospitali ya CCBRT Dar es Salaam, wanatibu fistula bila malipo, na waliwahi hadi kutuma nauli kwa M-Pesa, ulizeni hilo pia. Kama pesa ya safari haipo leo, nendeni hospitali ya mkoa kesho asubuhi mseme neno hilohilo, fistula. Wiki ya tatu ni mapema, tundu likiwa dogo na bado bichi kuna wanaopona kwa kuwekewa mpira wa mkojo tu wiki kadhaa kibofu kikapumzika, bila opresheni. Ndio maana nasema kesho, sio mwisho wa mwezi. Likiwa kubwa litashonwa, na ujauzito ujao aandikwe mapema kwamba atajifungua kwa upasuaji hospitali.

Njiani anywe maji mengi, msimnyime eti asiloweshe gari. Kata kitenge cha zamani vipande, mfuko wa nailoni wa kukalia, na mafuta ya mgando apake mapajani mkojo usimchome. Ukae naye siti moja. Mkifika nitumie meseji, usiku pia nasoma.